Nzi Mwenye Familia ya Peke Yake

Basi la kutoka Garissa lilisimama Ukasi, mashariki mwa Kenya, kwa muda mfupi, wa kushusha magunia mawili na mama mmoja mwenye mtoto mgongoni. Nilikuwa dirishani. Nikaegemea kioo nikautazama mlima: majabali makubwa juu ya vichaka vya miiba, na hewa ikitetemeka kwa joto.

Mzee niliyeketi naye aliona ninavyokodoa macho, akaniuliza kama nina watu pale.

"Hapana, mzee. Kuna nzi."

"Nzi?"

"Nzi anayepatikana huku tu. Wanasayansi wamempa familia yake peke yake."

Akafikiri kidogo. "Mwanangu, nzi wote wana familia. Ndiyo maana hawaishi."

Abiria wa nyuma wakaangua kicheko, nami nikacheka, basi likaondoka. Lakini wiki zilizofuata jibu langu lilinisumbua. Nilikuwa nimelitamka kama sifa, kana kwamba kupewa familia ya peke yako ni cheo. Je, ni cheo kweli? Au ni njia ya heshima ya kusema kwamba huyu hatujui ni wa nani?

## Mdudu mwenyewe

Jina lake kamili ni Mormotomyia hirsuta. Urefu wake ni kama sentimita moja. Mwili na miguu vimejaa manyoya ya manjano yaliyofifia. Miguu ni mirefu kupita kiasi, macho ni madogo, na mabawa yamebaki vijitepe viwili vyembamba visivyoweza kumwinua popote. Ukimkuta anatambaa ukutani utasema ni buibui, na utamtafutia kiatu.

Makazi yake ni ufa mwembamba katika jabali lenye kimo cha kama mita 20 pale Ukasi. Ndani ya ufa kuna popo, na chini ya popo kuna kinyesi chao kilichorundikana. Mabuu ya nzi huyu hukulia humo.

Wa kwanza walikusanywa mwaka 1933. Wakakusanywa tena 1948. Baada ya hapo, misafara kadhaa ilikwenda kumtafuta na kurudi mikono mitupu, mpaka Desemba 2010, Robert Copeland wa icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu jijini Nairobi, na Ashley Kirk-Spriggs wa makumbusho ya taifa ya Bloemfontein, Afrika Kusini, walipomkuta palepale alipokuwa siku zote.

Zaidi ya miaka 60 wanasayansi hawakuwa na nzi huyu ila wale waliochomwa pini ndani ya masanduku ya makumbusho. Na katika miaka yote hiyo wataalamu waliendelea kubishana kuhusu ukoo wake kwa kutazama maiti zilezile.

## Vitatu kwa mpigo

Aliyempa jina ni Ernest Edward Austen, mtaalamu wa makumbusho ya London. Nzi wa Afrika hawakuwa wageni kwake. Mwaka 1903 alichapisha kitabu kizima kuhusu mbung'o. Mwaka 1912 mtaalamu mwenzake, Newstead, alimwita mbung'o mmoja Glossina austeni kwa heshima yake. Austen naye mwaka 1923 akamwita mwingine Glossina swynnertoni, kwa heshima ya Swynnerton aliyekuwa akipambana na mbung'o kule Tanganyika. Ndivyo watu hawa walivyokuwa wakipeana zawadi.

Kwa hiyo nzi wa Ukasi walipofika London, waliangukia mikononi mwa mtu ambaye macho yake yalizoea kuona tofauti ndogo. Makala yake ya mwaka 1936 ilitangaza vitu vitatu kwa mpigo: spishi mpya, yaani aina; jenasi mpya, yaani kundi la spishi za karibu; na familia mpya, yaani kundi la jenasi.

Jina alilochagua lina utani ndani yake. Mormo, katika hadithi za Wagiriki wa kale, ni zimwi la kike la kutishia watoto wasiosikia. Myia ni nzi. Hirsuta ni Kilatini, mwenye manyoya. Nzi huyu hamuumi mtu, haingii jikoni, wala hajawahi kuonekana kwenye chakula cha yeyote, lakini ndiye aliyeitwa zimwi. Inzi wetu wa chooni amepewa jina la kistaarabu kabisa, Musca domestica. Haya.

Spishi mpya ninaielewa. Jenasi mpya pia, kwa kujikaza. Familia mpya ndiyo iliyonikaba kooni.

Spishi angalau ina vipimo. Unaweza kuuliza kama dume wa huku na jike wa kule watazaa watoto wenye afya, ukaenda kuwaweka kwenye kizimba kimoja ukaona. Familia haina kizimba. Hakuna mstari popote katika maumbile unaosema hapa ndipo familia inapoanzia. Kinachopatikana katika maumbile ni undugu: nani alitoka tumbo moja na nani, na zamani kiasi gani. Kuita tawi fulani la undugu huo familia, au nusu familia, au jenasi tu, ni uamuzi wa watu waliokaa mezani.

Ni sawa na harusi ambapo ameingia mtu aliyevaa vizuri, na wapokea wageni hawajui kama ni wa upande wa bwana au wa bibi harusi. Hawawezi kumfukuza, hawawezi kumkalisha ovyo. Wanamtengea meza yake.

Je, Austen alifanya hivyo tu?

## Usiyaamini manyoya

Hapa ndipo nilipokesha zaidi, na ndipo fikra zangu zilipogeuka.

Mtu wa kawaida akimwona nzi huyu, macho yanakimbilia vitu vitatu: manyoya, miguu mirefu na kukosa mabawa. Anasema, huyu ni wa ajabu, basi yuko mbali na nzi wengine wote. Ni fikra inayokuja yenyewe. Tatizo lake ni kwamba vitu hivyo vitatu ndivyo vinavyobadilika upesi mdudu akihamia gizani. Bawa ambalo halina kazi ndani ya ufa mwembamba ni mzigo. Jicho kubwa gizani halimnunulii mtu chochote. Vizazi vikipita, hivyo vinapungua, na miguu ya kushika ukuta inarefuka. Ukoo wowote wa nzi unaoingia maisha ya namna hiyo unaweza kuishia na umbo la kufanana na buibui, hata kama babu zake hawakuwahi kukutana na babu za mwingine aliyeishia hivyohivyo.

Kuna nzi wengine wanaoishi na popo ambao wataalamu wanawajua vizuri zaidi, wale wa familia ya Nycteribiidae. Hao hukaa ndani ya manyoya ya popo na kunyonya damu. Hawana mabawa kabisa, miguu ni mirefu, umbo ni la buibui. Ukiwa na haraka utamkabidhi nzi wa Ukasi kwao na kufunga faili.

Lakini ndugu wa karibu wa hao nzi wa popo ni nani? Ni mbung'o.

Ndiyo, mbung'o yuleyule mwenye mabawa mazima, anayeruka kwa kasi na kukufuata mpaka ndani ya gari ukipita mbugani. Ushahidi wa undugu wao uko tumboni. Jike wa mbung'o hatagi mayai kama nzi wengine. Hulea buu mmoja kwa wakati mmoja ndani ya mwili wake, akimlisha kwa maji yanayofanya kazi ya maziwa, kisha humzaa akiwa ameshakomaa, tayari kugeuka. Nzi wa popo hufanya vilevile. Siri kubwa kama hiyo ya uzazi haipatikani kwa bahati nasibu mara kwa mara. Bawa kupotea, hilo hutokea kila wakati.

Na nzi wa Ukasi? Mabuu yake yanajitafutia wenyewe kwenye kinyesi cha popo. Hakuna maziwa, hakuna kulelewa tumboni.

Wapange watatu hao mezani: mbung'o, nzi wa popo, nzi wa Ukasi. Mwite mtu yeyote apitaye njiani, mwombe awagawe mafungu mawili. Atawaweka wasioruka pamoja, na mbung'o peke yake. Mgawanyo huo unapendeza macho na hauna hata chembe ya ukweli.

Kuna mfano mwingine ninaoupenda zaidi, wa yule anayeitwa chawa wa nyuki, Braula. Ni mdogo, hana mabawa, anang'ang'ania mgongo wa nyuki. Zamani alikuwa akiwekwa kwenye fungu moja na wale wanyonya damu wa popo na ndege, kwa sababu ya umbo lake. Leo anahesabiwa kuwa jirani wa karibu wa Drosophila, wale nzi vijidogo wanaozunguka ndizi zilizoiva.

Nilipofika hapo swali langu likageuka. Kilichonisumbua sasa kilikuwa hiki: Austen, aliyejua mbung'o kuliko watu wengi wa enzi zake, alikuwa na kila sababu ya kumsukumia nzi huyu kwa jamaa za mbung'o, na hakumsukuma. Alimtengea meza. Nikaanza kuiona familia ile kuwa kitendo cha mtu aliyekataa kudanganywa na manyoya.

Sijasema alikuwa na jibu. Nasema alikataa jibu la bei rahisi.

## Mdudu aliyefuta ushahidi

Ukiyaondoa manyoya, mabawa na macho kwenye mizani, unabaki na nini?

Wanaoainisha nzi huegemea sana mishipa ya bawa. Bawa la nzi ni ramani: mshipa huu unapinda wapi, ule unakatika wapi, upi unakutana na upi. Familia nyingi unaweza kuzitambua kwa bawa moja lililong'oka. Sasa mchukue nzi ambaye bawa lake limekuwa kitepe. Ramani imekunjwa na kutupwa.

Kinachofuata ni nywele ngumu za kichwani na mgongoni. Kwa nzi wengi nywele hizo hazioti ovyo. Kila moja ina mahali pake na jina lake, na wataalamu huzihesabu moja moja chini ya hadubini. Kwa nzi aliyejaa manyoya kama zulia, hesabu hiyo nayo inakuwa taabu.

Mormotomyia, kwa maneno mengine, amejifutia vitambulisho. Ndiyo maana baada ya 1936 huyu alimsogeza huku na yule akamsogeza kule, na hakuna aliyemshinda mwenzake.

Waliokwama hawakukosa akili. Walikosa nyama mbichi. Sehemu zinazohifadhi undugu ni zile ambazo hakuna mtu anayezipiga picha: kiungo kati ya pingili ya pili na ya tatu ya kipapasio, jinsi kimoja kinavyoingia ndani ya kingine, mpangilio wa viungo vya uzazi vya dume, na ndani ya jike, vile vifuko vidogo anamohifadhi mbegu za dume baada ya kupandwa. Mdudu aliyekauka kwenye pini tangu miaka ya 1930 hawezi kukuonyesha vyote hivyo, na hakuna mtunza makumbusho atakayekuruhusu umchane.

Safari ya Desemba 2010 ilileta nzi wabichi. Mwaka uliofuata, jarida la African Invertebrates la Afrika Kusini likatoa kazi mbili: moja ya Copeland na wenzake kuhusu maisha ya nzi huyu na vinasaba vya wale wa Ukasi, na nyingine ya Kirk-Spriggs, Marion Kotrba na Copeland kuhusu maumbile yake kwa undani. Kotrba ni mtu ambaye kazi yake ni viungo vya uzazi vya majike ya nzi. Nilipoona jina lake nilijua wamekwenda kuuliza pale panapostahili kuulizwa.

Ushahidi wa maumbile na wa vinasaba umekuwa ukielekea upande mmoja: kundi kubwa la Ephydroidea, ambamo wamo nzi wa kandokando ya maji, Drosophila, na yule chawa wa nyuki. Zimwi la Ukasi limekaa karibu na vijinzi vya ndizi kuliko lilivyo karibu na mbung'o au nzi wa popo.

Meza yake bado ni yake. Familia haikufutwa. Ila sasa tunajua meza iwekwe pembe ipi ya ukumbi, na ni nani wa kumwamkia kwanza.

## Wale wa maembe

Ningeweza kuishia hapo kama si jina la Copeland. Nilikuwa nimelikuta mahali pengine, katika kisa ambacho kila mkulima wa maembe wa Afrika Mashariki amekilipia.

Mwaka 2003 watafiti wa icipe, yeye akiwa mmoja wao, walitangaza kwamba nzi mgeni wa matunda amegunduliwa Kenya. Mwaka uliofuata Maulid Mwatawala na wenzake wakaripoti kuwa yuko Tanzania pia. Mwaka 2005, wataalamu Drew, Tsuruta na White wakampa jina: Bactrocera invadens. Mvamizi. Walimlinganisha na nzi wa Sri Lanka wakaona ndio haohao, na wakaona pia kwamba wametofautiana na Bactrocera dorsalis wa Asia, ambaye mtaalamu Hendel alimwelezea mwaka 1912 kutoka Taiwan. Moja ya tofauti zilizotajwa ni rangi ya mgongo: wa Asia walizoeleka kuwa weusi, hawa wetu walikuwa wa kila namna, kuanzia kahawia nyekundu mpaka nyeusi.

Shangazi yangu ana miembe Makueni. Msimu mmoja alinipasulia embe lililoonekana zima kabisa kwa nje, ila alama ndogo kama tundu la sindano. Ndani nyama ilikuwa imegeuka uji, na mabuu meupe yakaanza kutoka. Moja likajikunja, likashika mkia wake kwa mdomo, likajifyatua likaruka hadi ukingoni mwa sinia. Nilirudi nyuma. Shangazi hakurudi. Alikuwa ameyaona ya kutosha.

Mitini ameninginiza mitego ya chupa yenye dawa ya methili yujenoli, harufu inayowaita madume. Madume tu. Dume akiilamba huibadilisha mwilini mwake na kuitumia kuvutia majike, kwa hiyo huifuata kama anayefuata mahari.

Harufu hiyo ilikuja kuwa shahidi. Miaka iliyofuata wataalamu waliwapandisha nzi wa Kenya na nzi wa Asia, wakaona wanazaana bila kinyongo. Wakapima harufu ambayo madume hutengeneza baada ya kulamba dawa, wakakuta ni ileile. Wakasoma vinasaba, wakakosa mpaka. Mwaka 2015 Mark Schutze na makumi ya wenzake wakachapisha hukumu: invadens ni dorsalis. Jina la mwaka 2005 likafutwa, likabaki la 1912, kwa sababu kanuni ni kwamba lililotangulia ndilo linaloshika.

Drew hakukubali. Mwaka 2016, yeye na Romig wakairudisha invadens katika kazi yao. Mwaka 2017, Schutze na wenzake, Mwatawala akiwa miongoni mwao, wakajibu kwa makala ambayo kichwa chake chenyewe kilikuwa ngumi: kiliweka ushahidi wa aina nyingi upande mmoja, na mamlaka ya mtaalamu asiyepitiwa na wenzake upande wa pili.

Mimi niko upande wa Schutze, kwa kuwa rangi ya mgongo ni shahidi wa aina ileile ya manyoya ya Ukasi: anajitokeza wa kwanza na anaongea sana. Lakini ninamwelewa Drew. Mtu aliyetazama migongo ya nzi hao kwa miongo mingi anaona vitu ambavyo mimi na wewe hatuvioni, na si rahisi kuambiwa kwamba ulichokiona kipo kweli ila hakina maana.

Nilimpigia shangazi kumweleza.

"Shangazi, wale nzi wamebadilishiwa jina."

"Na maembe yangu nimerudishiwa?"

Alikuwa na haki. Kenya ilisitisha kupeleka maembe Ulaya mwaka 2014 kwa sababu ya nzi hao, na haikurudi sokoni humo mpaka 2021. Buu ndani ya embe haliulizi linaitwaje.

Ila kuna mahali ambapo jina lina uzito. Unguja ilitangazwa kuwa haina mbung'o mwaka 1997, baada ya madume waliofanywa tasa kwa mionzi kumwagwa kwa wingi, wakapandana na majike wa porini na mayai yaliyo tumboni mwao yasizae kitu. Mbung'o yule ni Glossina austeni, mwenye jina la Austen wetu wa Ukasi. Mbinu hiyo inasimama juu ya jambo moja: jike wa porini amkubali dume wa kiwandani. Ukikosea spishi umetupa fedha angani. Ndiyo sababu mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya atomiki yaliwakutanisha wataalamu wa nzi wa matunda kumaliza ubishi wa dorsalis. Ikiwa wa Kenya na wa Asia ni spishi moja, kiwanda kimoja kinaweza kuwahudumia wote.

## Jina kaidi

Kuna wasomaji, nawajua, watakaouliza kwa nini nzi wa Ukasi asiitwe kwa jina la Ukasi. Swali zuri, na mimi nimelizungusha kichwani. Katika jina lake hamna mlima, hamna nchi, hamna popo. Kuna zimwi la Wagiriki na manyoya.

Kanuni za kimataifa za majina ya wanyama haziruhusu jina kufutwa kwa sababu halifai au halipendezi. Hata wangegunduliwa kesho nzi wa jenasi hiyo wenye manyoya mara mbili, huyu angebaki hirsuta. Ukaidi huo ulinikera kwanza. Baadaye nikauona upande wake wa pili: jina ambalo kila kizazi kinaweza kulibadilisha kwa ladha yake halitamsaidia mtu anayesoma lebo ya mwaka 1948.

Angalia pia jinsi majina yanavyoandikwa. Nzi wa maembe ni Bactrocera dorsalis (Hendel, 1912), na mabano yanakwambia kwamba Hendel alimweka kwenye jenasi nyingine, akaja baadaye mtu akamhamisha. Nzi wa Ukasi ni Mormotomyia hirsuta Austen, 1936. Hana mabano. Watu wamebishana kuhusu ukoo wake tangu siku hiyo, wamemsogeza huku na huko kwenye mti mkubwa wa nzi, na hakuna aliyepata sababu ya kumtoa ndani ya jenasi aliyopewa mara ya kwanza.

## Makilu

Baada ya 2010 ikapatikana jamii ya pili ya nzi hawa, mahali paitwapo Makilu, na mwaka 2014 Copeland na wenzake wakachapisha ulinganisho wa vinasaba vya sehemu hizo mbili. Kwa hiyo nilichomwambia yule mzee kwenye basi, kwamba wako huku tu, kinahitaji kupanuliwa kidogo.

Mdudu asiyeruka, sehemu mbili, na kati yake nchi kavu yenye jua kali. Atakuwa amefikaje? Huenda zamani ufa wenye popo ulikuwa na nzi hawa sehemu nyingi, na hizi mbili ndizo masalio. Huenda pia nzi hupanda popo na kusafirishwa usiku, akishuka pale popo anapobadilisha makao. Mimi naegemea la pili, kwa sababu ya ile miguu mirefu ya kushikia. Lakini nimeshasema niliyoyasema kuhusu kuamini miguu.

Jibu litaanza kwa kazi ya kuchosha: mtu mwenye kibali, glavu na barakoa, akinasa popo kwa wavu wanapotoka jioni na kuchambua manyoya yao mmoja mmoja. Nasema barakoa kwa makusudi. Pango la Kitum, Mlima Elgon, limehusishwa na wagonjwa wa virusi hatari vya Marburg, mwaka 1980 na tena 1987, kwa hiyo asije msomaji wangu akajipenyeza kwenye ufa na tochi ya simu kwa sababu ya makala hii. Kama unaishi kati ya Mwingi na Garissa na unajua jabali lenye popo ambalo mvua zikizidi hutoka buibui wa manjano wenye miguu sita, piga picha ukiwa nje na uipeleke makumbusho ya taifa. Hesabu miguu kwanza. Ikiwa minane, ni buibui kweli.